Nguruwe wa kuchoma kwa mtindo wa Kichina: rangi isikudanganye

Tangu tulipokigusia chakula hiki hewani, meseji zinauliza jambo moja: ile nyama ya nguruwe ya Wachina, yenye rangi nyekundu na utamu wa asali, inapikwaje nyumbani kwenye jiko la mkaa?

Wenyewe wanaiita char siu. Ni chakula cha Wakantoni wa Guangdong na Hong Kong, kusini mwa China. Jina hilo lina maana ya kuchoma kwa uma, maana zamani vipande virefu vya nyama vilichomekwa kwenye uma na kushikiliwa juu ya moto.

Kwa nusu kilo ya nyama, changanya soya sosi vijiko vitatu vya chakula, asali viwili, sukari kimoja, punje tatu za kitunguu saumu zilizotwangwa, tangawizi, na mdalasini na karafuu za unga, kidogo tu. Chumvi usiweke, soya sosi inatosha. Kata nyama iwe na unene wa kidole, iloweke humo kwa saa moja. Wapishi wengi huilaza usiku kucha, lakini wana friji. Kama huna, saa moja isizidi.

Sasa moto, na hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Asali na sukari huungua haraka. Dakika chache tu nyama imeshakuwa nyeusi na inang'aa, mtu anaipua, kumbe ndani bado mbichi. Subiri makaa yavae majivu, geuza mara kwa mara, na asali ya kupaka juu iache hadi dakika za mwisho. Kisha kata kipande kinene kuliko vyote. Ukiona uwekundu wa nyama mbichi katikati, au maji yenye damu, rudisha jikoni.

Tunasisitiza hivi kwa sababu ya tegu. Nyama yenye maambukizi huwa na vifuko vyeupe kama punje za mchele. Ukivila bila kuiva, tegu hukua tumboni mwako, na mayai yake hutoka na kinyesi. Mayai hayo yakiingia kwenye chakula au maji ya mtu yeyote, hata asiyegusa kitimoto maisha yake yote, lava wanaoanguliwa kutoka humo wanaweza kufika kwenye ubongo na kumletea kifafa. Kwa hiyo choo na kunawa mikono vinahusika hapa sawasawa na moto wa jiko. Nyama nunua iliyokaguliwa na kupigwa mhuri, na ukiona punje hizo, usiinunue hata ukipunguziwa bei.

Ikiiva, iache dakika tano, kisha ikate kwa kisu na ubao ambavyo havikugusa nyama mbichi. Hong Kong wanaila juu ya wali mweupe na mboga za majani pembeni.