Safari ndefu na watoto: Dirisha hushinda simu

BUJUMBURA. Julai inapoingia na shule kufungwa kwa likizo ndefu, vituo vya mabasi vya Bujumbura hujaa familia. Wapo wanaopanda milimani kwenda Gitega au Ngozi kuwaona babu na bibi, wapo wanaofuata ziwa hadi Rumonge na Nyanza-Lac, na wapo wanaovuka mpaka kwenda Kigoma au, kwa njia ya Kobero, hadi Dar es Salaam. Gari halijatoka mjini, mtoto ameshauliza: "Mama, tumefika?"

Jibu la haraka la wazazi wengi siku hizi ni simu. Mtoto huwekewa katuni na abiria wote hupumua. Lakini utulivu huo haudumu, na sababu ni barabara yenyewe.

Bujumbura iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, chini kidogo ya mita 800 kutoka usawa wa bahari. Barabara ya kwenda Gitega hupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, kwa mwendo wa yapata kilomita 35, kona baada ya kona. Mtoto aliyeinamia simu, macho yake huuambia ubongo kwamba ametulia, ilhali sikio la ndani, linalosimamia mizani ya mwili, husema anayumba. Habari hizo mbili zinapogongana, kichefuchefu hufuata. Watoto wa kati ya miaka miwili na 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi.

Dawa ya kwanza ni kumwinua kichwa atazame mbali, mbele ya gari. Apate hewa, ale chakula chepesi kabla ya kuondoka, na mzazi awe na mfuko mkononi kwa tahadhari. Masikio yakimziba kwenye mwinuko, anywe maji kidogo kidogo au atafune kitu, mchanga anyonyeshwe. Sweta isifungiwe kwenye mzigo juu ya gari, maana aliyeondoka Bujumbura akitoka jasho huikuta Bugarama ina ukungu na baridi.

Macho yakishakuwa dirishani, michezo haikosekani. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam ni somo tosha. Namba za magari ya Tanzania huanza na T, za Kenya na K, za Uganda na U, za Rwanda na R. Kila mtoto achague nchi yake na kuhesabu. Atakayefikisha kumi kwanza ndiye mshindi. Wakubwa wabashiri mzigo: saruji, mafuta au chumvi? Wadogo wahesabu baiskeli zilizosheheni ndizi. Wakiwaona waendesha baiskeli waliojishikiza nyuma ya malori yanayopanda, mzazi aeleze papo hapo kwa nini mchezo huo huua.

Mchezo mwingine hauhitaji hata dirisha. Kwa Kirundi mtegaji husema "Sokwe!" na wenzake hujibu "Niruze!" Kwa Kiswahili ni "Kitendawili!" na "Tega!" Familia nyingi za Bujumbura, hasa za mitaa kama Buyenzi ambako Kiswahili kina mizizi mirefu, zinaweza kutumia lugha zote mbili kwa zamu. Watoto watunge vyao wenyewe kutokana na wanachokiona njiani. Kwa mfano: ng'ombe wangu ni mmoja, wanaomkamua ni wanne. Jibu ni Ziwa Tanganyika, linalomilikiwa na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia.

Anayefuata njia ya ziwa ana hadithi tayari. Kusini kidogo ya Bujumbura, Mugere, lipo jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wawili hao walikutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi kuja kaskazini. Mtoto anayekwenda Kigoma anaweza kuambiwa kwamba anafuata njia yao kinyumenyume, na kwamba wao walikuwa wakipiga makasia.

Simu nayo ina nafasi yake: wakati gari limesimama. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umewafundisha Warundi kwamba safari inaweza kuanza kwa saa kadhaa za kungoja. Hapo hakuna kona wala kichefuchefu. Katuni zitunzwe kwa ajili ya foleni na mpakani, pamoja na betri yake.

Yapo mambo yasiyo ya mchezo. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka mitano hadi 29. Kumpakata mtoto mkubwa ili kuokoa nauli ni akiba ya hatari: gari likifunga breki ghafla, mikono ya mama haiwezi kumzuia. Awe na kiti chake, mkanda ukiwepo afungwe, na dirisha lisifunguliwe kiasi cha kupitisha kichwa au mkono. Kwa wanaovuka mpaka, hati ya kusafiria ya mtoto na kadi yake ya chanjo zikaguliwe wiki kadhaa kabla, si usiku wa kuamkia safari.

Mwisho, mtoto apewe kazi. Mmoja atunze maji, mwingine ataje miji: Bugarama, Muramvya, Gitega. Aahidiwe kitu cha kweli mwisho wa njia, kama ngoma za Gishora, karibu na Gitega. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Mwenye kazi na ahadi huuliza maswali mengi vilevile, ila ni yale ambayo mzazi hufurahi kuyajibu.