Nani Atalipia Lenta?

Fundi akipiga hesabu ya nyumba ya vyumba viwili huanzia msingi. Huyu anayewajengea wajane kwa kujitolea hapa Maganzo, wilayani Kishapu, huanzia lenta, kisha bati, msingi baadaye. Ameomba nisimtaje jina, maana kazi ya kanisa kwake haina matangazo. Mawe ya msingi yanaokotwa, anasema. Mchanga utasombwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, tofali jumuiya itafyatua yenyewe, kina mama wakichota maji. Lenta ni nondo, saruji na kokoto, na vya dukani havishuki bei kwa sababu mwenye nyumba ni mjane.

Nilivutiwa na kidole chake. Ukuta wa tofali mbichi, kwa maelezo yake, hubeba paa miaka mingi ukiwa mkavu. Mvua ya upepo ikiupiga upande mmoja, kozi za chini hunyonya maji na kulainika kuanzia nje, huku plasta ya udongo ikificha ubovu. Pima maji haitamwambia kitu. Anasukuma kidole kwenye kiungo cha kozi ya pili. Kikizama ukucha mzima, anawaambia wenye nyumba wahamishe vitanda usiku huohuo. Upepo ukiinua bati, kenchi huvuta vichwa vya kuta, na kuta zisizofungwa pamoja huachana kwenye kona, kila moja ikaangukia upande wake. Lenta ni mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha, ukizishika kuta zote nne. Waya za kufungia kenchi huzamishwa humo zege likiwa bado bichi.

Watu wa ukanda huu hawahitaji kuelezwa zaidi. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo viliua zaidi ya watu 40 Mwakata, wilayani Kahama. Wengi waliangukiwa na kuta za nyumba zao.

Novemba 7, 2022, bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, jirani kabisa na hapa, lilipasuka na tope likaingia mashambani na majumbani. Waathirika walijua waende kumdai nani: mgodi upo, una ofisi, una geti. Mvua ya mawe haina geti. Kwa mvua huja kamati ya maafa na daftari, huja mahema, unga na blanketi, halafu magari yanarudi mjini. Anayebaki na mjane ni jumuiya ndogo ndogo, vijana wa kwaya, na majirani wa dini yoyote, maana Usukumani mwano, yowe la kuomba msaada, ukipigwa kila mwenye nguvu hutoka.

Nguvu za mikono hazijawahi kumpungukia fundi wangu. Kinachomkera ni sadaka. Bati hupatikana upesi. Linang'aa, linaonekana kutoka barabara ya Mwanza, na siku ya makabidhiano linapendeza kwenye picha. Nondo inafukiwa. Mimi mwenyewe, katika harambee zote nilizohudhuria, sijasikia mgeni rasmi akiahidi nondo.

Kwa hiyo fedha huishia usawa wa madirisha, na wazee wa kanisa husema ezeka tu, bibi ananyeshewa. Aliwahi kukataa. Bibi yule alikaa msimu mzima chini ya turubai, akaugua kifua. Safari nyingine alikubali, na tangu siku hiyo wingu likitanda upande ilipo nyumba ile, hapati usingizi. Aliniuliza lipi kati ya hayo mawili aende kuliungama. Nami nikamuuliza atafanyaje na nyumba hii aliyonayo sasa, maana ukuta umefika madirishani, mabati yameshaletwa, nondo bado. Alisema Jumapili atasimama kwenye matangazo aombe nondo, ingawa paroko ameshamwambia michango ya mwezi huu imetosha.