Ujumbe na Mwenye Kuupeleka

Wazee wetu walijua kupeleka habari mbali kabla waya wa simu haujafika katika nchi. Walokele, wakaao kandokando ya mto Kongo karibu na Kisangani, walichonga gogo kubwa, wakalitia uwazi mrefu juu yake, likatoa sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini, kama vile maneno ya lugha yao yapandavyo na kushuka. Mpigaji alijua kwamba neno fupi laweza kufanana na jingine. Kwa hiyo hakulipiga neno tupu. Alilizungushia maneno mengine mengi, ili msikilizaji asikosee. Tuliwakumbuka wazee hao siku tulipozuru nyumba ya makumbusho ya askari wa mawasiliano wa Uingereza.

Nyumba hiyo imo ndani ya kambi ya Blandford, katika jimbo la Dorset, kusini mwa nchi ile. Kikosi chenyewe kiliundwa mwaka 1920, lakini kazi yake ni ya zamani zaidi, kwani tangu 1870 Waingereza walikuwa na askari wa telegrafu.

Kwanza tulitazama kioo kilichosimama juu ya miguu mitatu. Mtu asiyeelezwa angedhani ni kioo cha kujitazamia. Kumbe ni chombo cha vita! Askari alikielekeza kwenye jua, akakitikisa kidogo kidogo, na mng'ao wake ukaandika herufi angani kwa alama fupi na ndefu. Mwaka 1899 Makaburu waliuzingira mji wa Ladysmith, huko Afrika ya Kusini, kwa muda wa siku 118. Nyaya za simu zilikatwa, lakini kioo kilisema kutoka kilima hata kilima na jeshi lililokuja kuwaokoa. Hata hivyo kilikuwa na bwana wake, yaani jua. Mawingu yakitanda, kioo ni bubu.

Kisha tulifika mahali pa vita kuu ya kwanza, ya miaka 1914 hadi 1918. Hapo utaona simu za vitani na nyaya zake. Mizinga ilizikata nyaya hizo kila siku. Ndipo askari mmoja au wawili walipotoka katika handaki, mara nyingi usiku, wakaufuata waya kwa mkono mpaka wapate mahali ulipokatika, wakauunga huku risasi zikipita. Wengi hawakurudi. Hao hawakupiga bunduki. Kazi yao ilikuwa kulinda neno la wenzao lifike.

Lakini neno likifika kwa adui pia, itakuwaje? Simu nyingi za wakati ule zilitumia waya mmoja tu, na umeme ulirudi kwa njia ya ardhi. Basi Wajerumani walichimbia vyuma udongoni, wakatega masikio, wakasikia mazungumzo ya Waingereza. Afisa mmoja, jina lake Fuller, alibuni chombo ambacho adui hakuweza kukisikia kwa urahisi. Walakini chombo hakimfungi mtu mdomo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai 1916, kabla ya mashambulio makubwa ya mto Somme, ujumbe wa jemadari wa kuwatakia askari heri ulisomwa kwa simu. Wajerumani waliokuwa La Boisselle wakanasa sehemu yake. Hatusemi kwamba neno hilo peke yake ndilo lililoleta msiba, kwa maana adui alikwisha kuona dalili nyingine nyingi. Lakini divisheni ya 34, iliyoshambulia mahali pale, ilipoteza watu zaidi ya 6,000, wafu na majeruhi, siku ile moja. Neno la heri, lililosemwa kwa moyo mwema, lilipita katika sikio lisilostahili.

Mwishoni tulisimama mbele ya mashini ya Enigma. Kwa macho yafanana na mashini ya kupigia barua, yenye magurudumu na taa ndogo za herufi. Wajerumani waliamini kwamba siri yake haitafunuliwa kamwe. Wapolandi walianza kuifunua mwaka 1932, na mwaka 1939 wakawagawia Waingereza na Wafaransa maarifa yao. Je, akili za wataalamu zilifanya kazi peke yake? Hapana. Uvivu nao uliwasaidia. Mwenye mashini aliamriwa kuchagua herufi ovyo ovyo, zisizoweza kubuniwa. Baadhi yao walichoka, wakachagua herufi zilizokaa jirani juu ya mashini, au za jina la mpenzi wao. Hivyo mlango wa chuma ulifunguliwa kwa sababu bawabu alisinzia.

Tulitoka nje tukiyafikiri hayo. Mara simu yetu ililia mfukoni. Ulikuwa ujumbe kutoka nyumbani, nao umekwisha kupita mikononi mwa watu wengi: ati watu wenye silaha wameifunga njia iendayo kijijini kwetu, na kila mwenye kusoma awapelekee wengine kumi upesi. Moyo ulitushtuka. Kidole kilikuwa tayari. Lakini tulimkumbuka mpiga gogo, aliyeongeza maneno ili asimkoseshe msikilizaji, tukampigia kwanza kaka yetu mkubwa. Akajibu kwa mshangao: "Njia gani? Mimi mwenyewe nimepita asubuhi hii na baiskeli. Hiyo ni habari ya mwaka jana."

Wale kumi hawakupata ujumbe kwetu. Kama tungaliwapelekea, pengine mama mmoja angaliacha shamba lake na kukimbilia porini na watoto, kwa sababu ya mwalimu aliyekuwa na haraka.