Sakafu za Zege Katika Nchi za Baridi: Kwa Nini Hubambuka, na Jinsi ya Kuzivika Ngozi Mpya

Wasomaji wetu wengi siku hizi wana watoto au ndugu waliohamia nchi za baridi, na barua zao hutuletea mambo ambayo sisi huku hatuyaoni kwa macho. Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, wamo watu wengi waliotoka Kenya na nchi za jirani. Jamaa yetu mmoja aliyeko huko alinunua nyumba. Mbele ya nyumba ile pana njia ya zege ya kuingizia motakaa, na nyuma pana baraza ya zege ya kupumzikia wakati wa joto. Zote mbili zilikuwa zimebambuka ngozi ya juu, hata kokoto zikaonekana. Akaja fundi mmoja mpita njia, akamwambia ya kuwa kazi ile ni ya siku moja tu. Jamaa yetu akatoa fedha alizokuwa ameziweka kwa karo ya mdogo wake. Mwezi wa Oktoba sakafu ikapakwa saruji, ikapendeza kama mpya. Ilipofika Aprili, saruji ile ilikuwa ikitoka vipande vipande kama magamba ya samaki, na mdogo wake yungali nyumbani kwa kukosa karo.

Ametuandikia kuuliza: Je, kosa ni la baridi, au ni la fundi? Tumeona vema kumjibu hapa, ili na wengine wenye jamaa huko wapate faida. Jibu letu kwa ufupi ni hili: adui mkubwa wa zege si baridi peke yake, ni maji, na ngozi mpya haiwezi kuwa na nguvu kuliko zege lililo chini yake.

Kwanza yatupasa kueleza jinsi zege linavyoharibika. Zege laonekana gumu kama jiwe, walakini ndani yake mna vitundu vidogo visivyohesabika, navyo hunywa maji. Maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa kadiri ya sehemu 9 katika 100. Mtu aliyejaza chupa maji, akaiziba na kuiacha katika jokofu la kugandisha, amekwisha kuona jinsi inavyopasuka. Ndivyo yafanyavyo maji yaliyofungiwa ndani ya zege. Mwaka 1945 mtaalamu wa Marekani, T. C. Powers, alieleza ya kuwa barafu inapokua husukuma hata maji yaliyo karibu ambayo hayajaganda, nayo yasipopata pa kukimbilia hupasua kuta za vitundu vile. Zege kavu halipatwi na msiba huu. Hupatwa lile lililoshiba maji.

Tena, kuganda mara moja si hasara kubwa. Mjini Minneapolis joto la Januari, kwa wastani, ni kama digrii 9 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Lakini siku mbaya hasa kwa zege ni zile ambazo theluji huyeyuka mchana, na maji yake huganda tena usiku. Kila mara ufa huongezeka kidogo, na mara ya pili huingiza maji mengi zaidi.

Liko na jambo la chumvi. Watu wa huko humwaga chumvi njiani na milangoni ili barafu iyeyuke, wasiteleze na kuvunjika viungo. Chumvi huokoa watu, lakini hudhuru zege, maana huliacha limelowa muda mrefu, na huzidisha idadi ya kuganda na kuyeyuka. Tena motakaa huchukua theluji yenye chumvi kutoka barabarani, ikadondoka pale zinaposimama. Kwa hiyo mwenye nyumba asishangae akiona mahali pale pamebambuka kuliko pengine.

Kinga ya ugonjwa huu ilijulikana katika miaka ya 1930, karibu kwa bahati. Katika jimbo la New York ilionekana ya kuwa barabara nyingine za zege zilistahimili baridi kuliko wenzake. Zilipochunguzwa, ikatambulikana ya kuwa saruji yake ilikuwa imesagwa pamoja na mafuta ya ng'ombe. Mafuta yale yalikuwa yametia katika zege mapovu ya hewa madogo mno, nayo yakawa nafasi ya kukimbilia maji wakati wa kuganda. Tangu hapo mafundi wa nchi za baridi hutia dawa ya povu katika zege la nje, hata hewa ikawa kadiri ya sehemu 5 mpaka 8 katika 100. Zege lililokosa hewa hiyo, au lililotiwa maji mengi mno ili limwagike kwa wepesi, au lililosuguliwa mwiko hali maji yangali yakielea juu yake, ngozi yake huwa dhaifu tangu siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye matengenezo. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja, mwenye nyumba na afanye majaribio matatu. Jaribio la kwanza, achukue nyundo agonge sakafu yote, hatua kwa hatua. Palipo pazima hulia kwa sauti kali. Palipooza hulia kama mtungi mtupu. Jaribio la pili, atazame nyufa. Ikiwa upande mmoja wa ufa umepanda na wa pili umeshuka, ardhi ya chini imetikisika, na hakuna saruji ya juu itakayoiponya. Jaribio la tatu, asimame nje wakati wa mvua na kutazama maji yanakwenda wapi. Mfereji wa paa ukimwaga maji juu ya zege, au maji yakituama pale, kazi ya kwanza ni kuyaondoa. Sehemu kubwa ikiwa imeoza au imezama, ni afadhali kuivunja na kumwaga zege jipya. Lakini ikiwa ngozi ya juu tu ndiyo iliyobambuka, na chini pazima, basi sakafu yaweza kuvikwa ngozi mpya.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Zege lote lililolegea litolewe kwa patasi, mpaka kufikia zege zima. Mafuta ya motakaa yaoshwe kwa sabuni kali, kisha sakafu yote ioshwe kwa mashine irushayo maji kwa nguvu nyingi. Fundi anayefagia tu na kuanza kupaka hafai kulipwa. Mashimo yenye kina yazibwe kwanza, yaachwe yagande. Mistari iliyoachwa makusudi kati ya vipande vya zege isizibwe, maana zege hutanuka na kunywea kwa joto na baridi, na mistari ile ndiyo nafasi yake. Kisha sakafu ilowanishwe, na maji yanayosimama juu yafagiliwe. Iwe na unyevu, lakini isiwe na dimbwi. Sakafu kavu hunyonya maji ya saruji mpya kabla haijashika.

Saruji ya kuvika huuzwa tayari katika mifuko, imechanganywa na mchanga laini na dawa ya kunata. Mfuko mmoja wa ratli 40, yaani kama kilo 18, hutosha kadiri ya futi za mraba 35, kwa unene wa sehemu ya nane ya inchi. Maji yapimwe kama yalivyoandikwa juu ya mfuko, yasiongezwe kwa kukisia, kwani kila maji ya ziada hupunguza nguvu. Huenezwa kwa ubao wenye ukingo wa mpira na mpini mrefu, kisha upesi, kabla haijakauka, hupitishwa ufagio kwa mstari mmoja ili watu wasiteleze. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene.

Wakati nao ni jambo kubwa. Kazi hii yataka joto lisilopungua digrii 10, na usiku usio na barafu, hata saruji ipate nguvu. Jua kali na upepo navyo hudhuru, kwa kuwa hukausha upesi na kuleta nyufa. Ikiisha kukomaa, yafaa ipakwe dawa izuiayo maji kuingia, walakini iwe ya namna iruhusuyo unyevu wa ndani kutoka. Majira ya baridi ya kwanza isimwagiwe chumvi. Mchanga watosha kuzuia miguu isiteleze. Na mbolea za amonia zisitumiwe kamwe kuyeyushia barafu, kwa sababu hula saruji yenyewe.

Tulipomweleza jamaa yetu haya, alikwenda na nyundo yake, akatuandikia mara ya pili. Upande wa njia ulio karibu na barabara walia kama mtungi mtupu. Mfereji wa paa humwaga maji yote pale pale. Yule fundi hakugonga wala hakuosha. Alifagia tu akapaka. Basi kosa lilikuwa la wote wawili: fundi aliyefunika ugonjwa, na mwenye nyumba aliyetazama uzuri wa nje bila kuuliza maji yanatoka wapi.

Sasa ameugeuza mfereji ule umwage maji bustanini, kazi iliyomgharimu bomba moja na nusu ya siku. Baraza ya nyuma, ambayo ni nzima chini yake, ataivika mwenyewe mwezi wa Juni. Upande wa njia uliooza utavunjwa, lakini si mwaka huu, maana fedha aliyo nayo amekwisha kuipeleka shuleni. Sisi twaona amepanga vema. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi twaongeza, kuuziba ufa si kuupaka rangi.