Kibao Kilichogeuzwa Ndani ya Nyumba



Mji wa Gisenyi uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, umepakana na Goma. Askari wa mji wa mpakani anajua kwamba njia hailindwi kwa vizuizi peke yake. Adui akigeuza kibao cha njia panda usiku, msafara mzima waweza kupotea bila risasi hata moja kufyatuliwa, na dereva ataapa kwamba amefuata maelekezo. Leo tunazungumzia kibao cha namna hiyo kilichomo majumbani mwetu, ndani ya kompyuta.

Tuchukue mfano. Askari yuko zamu. Nyumbani, mkewe anatafuta kwenye intaneti huduma ya Irembo, ambayo kwayo wananchi wa Rwanda huomba hati mbalimbali za serikali. Jina la Irembo analiona waziwazi katika orodha ya majibu. Lakini anapolibonyeza anajikuta kwenye ukurasa wa kamari, au kwenye ukurasa unaofanana na ule alioutaka, ukimtaka namba ya kitambulisho na neno la siri. Anarudi nyuma, anabonyeza tena, na safari hii anafika salama. Basi anasema, "Ni mtandao tu," na kuendelea na shughuli zake.

Hapo ndipo penye hatari. Programu za aina hii aghalabu hazimpotoshi mtu kila mara, maana mwizi anayeiba kidogo kidogo hachelewi kusahauliwa. Kompyuta ya namna hiyo inatii makamanda wawili: mwenye nyumba, na mgeni asiyeonekana.

Je, haya ni hofu ya bure? La hasha. Kati ya mwaka 2007 na 2011, kikundi cha wahalifu kilichokuwa na makao yake nchini Estonia kilieneza programu iliyoitwa DNSChanger. Watu wengi walidanganywa kwamba wanapakua programu ya kutazamia video. Kila kompyuta huuliza seva maalumu anwani ya tovuti inayotakiwa, kama mtu aulizavyo kwenye kitabu cha simu. Programu hiyo ilikibadilisha kitabu hicho kwa kitabu cha wahalifu. Mtu aliyetafuta tovuti ya idara ya kodi ya Marekani alipelekwa kwa kampuni ya binafsi ya kutayarisha hesabu za kodi, na wahalifu wakalipwa kwa kila mteja waliyempeleka.

Kompyuta zilizoathirika zilizidi milioni 4, katika nchi zaidi ya 100. Hata shirika la anga la Marekani, NASA, halikusalimika. Wahalifu walijipatia dola zisizopungua milioni 14. Baya zaidi, programu hiyo ilizizuia kompyuta zisipate masahihisho ya kinga dhidi ya virusi. Yaani mlinzi alifungwa kamba kwanza, kisha nyumba ikaibiwa. Watu 6 walikamatwa Novemba 2011, na mwaka 2016 kiongozi wao, Vladimir Tsastsin, alihukumiwa mjini New York kifungo cha miaka 7 na miezi 3.

Sasa, mwenye nyumba afanye nini?

Kwanza, asimame. Asiandike neno la siri wala kulipa fedha kwa kompyuta hiyo. Aandike saa, na anwani ya ukurasa aliopelekwa. Ukurasa ukimwambia kwamba kompyuta yake ina virusi na kumpa dawa ya kupakua, asiipokee. Huyo ndiye mwizi anayeuza kufuli.

Pili, apeleleze kibao kimegeuzwa wapi. Ikiwa kivinjari kimoja tu ndicho kinachopotoka, yamkini kosa limo katika kivinjari hicho, hasa katika viendelezi vilivyopachikwa humo. Ikiwa vivinjari vyote vya kompyuta hiyo vinapotoka, ashuku programu iliyoingia ndani yake. Ikiwa hata simu zinazotumia intaneti ya nyumba hiyo zinapotoka, ashuku ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa intaneti. Na ikiwa ni tovuti moja tu inayopotosha, kwenye kila chombo na kila mtandao, huenda tovuti yenyewe ndiyo iliyovamiwa.

Tatu, asafishe. Aondoe viendelezi na programu asizozijua, arudishe mipangilio ya utafutaji, aiamuru programu ya kinga ikague kompyuta nzima, kisha apokee masahihisho yote. Ruta airudishe katika hali ya kiwandani na kubadili neno lake la siri. Ndipo abadili maneno ya siri ya barua pepe, benki na fedha za simu, akitumia chombo kingine kilicho safi. Lakini ikiwa fedha zimekwisha kuibwa, asifute kitu kabla ya kutoa taarifa kwa Idara ya Upelelezi ya Rwanda, RIB. Kufuta ni kuteketeza ushahidi. Sheria Namba 60 ya mwaka 2018 inahusu uhalifu wa mtandao, na mwathirika asione haya kuitegemea.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, hayahusu kazi. Ndugu wasikilizaji, neno la siri linalotumika nyumbani na kazini ni ufunguo mmoja wa milango miwili. Kijiti cha kumbukumbu kilichochomekwa kwenye kompyuta yenye maradhi jioni, kisha kikachomekwa kwenye kompyuta ya ofisi asubuhi, kimevuka lango bila kuulizwa kitambulisho. Adui hana haja ya kuvizia kambi ikiwa sebule ya ofisa iko wazi.

Askari akiona kibao kimeelekezwa kusiko, hapiti akikisamehe. Husimama, huchunguza, hukirekebisha, na hutoa taarifa. Nidhamu hiyo hiyo tuivae tunapoketi nyumbani mbele ya kompyuta, na tuwafundishe wake, waume na watoto wetu. Maana wao ndio walinzi wa zamu tunapokuwa kazini.