Kabla hujainua pikapu ya mzee, piga hesabu hii

Ukiwa Nairobi lazima umeiona: pikapu kuukuu iliyoinuliwa, magurudumu manene, imekwama kwenye foleni ya Thika Road lakini inatazama magari mengine kwa juu kama twiga kati ya mbuzi. Picha za Rhino Charge, mashindano ya nyikani yaliyoanza 1989 kuchangishia ua wa stima wa Aberdare, nazo hutupandisha mzuka kila mwaka. Nami nilitaka yangu isimame hivyo.

Yangu ni Hilux ya 1998 niliyoachiwa na mzee. Hiyo ndiyo ofisi yangu. Nabeba viazi kutoka Kinangop hadi Marikiti, na msimu wa mvua barabara za huko hugeuka uji. Zamu yangu ya chama ilipofika, nikapokea Sh120,000 na kwenda mbio kwa fundi.

"Boss, hii tunainua leo leo," akasema.

Mbele alikaza toshen baa. Nyuma akaweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi. Nikamlipa Sh35,000. Jioni gari ilikuwa juu na mabeshte wakapiga picha.

Wiki mbili baadaye, gari ikiwa na mzigo, usukani ulianza kutetemeka na kila shimo lilinigonga kiunoni. Nikaipeleka kwa fundi mwingine, mzee wa kazi. Aliipiga jeki, gurudumu la nyuma likaning'inia, kisha akanionyesha hozi ya breki. Ilikuwa imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Kijana, siku moja hii itakatika. Hapo utasimama na nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimenunua urefu tu, na breki sikuzipigia hesabu hata kidogo. Yeye ndiye aliyenifundisha kugawa doo mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la vilivyochakaa. Kabla ya kununua chochote cha kuinua, kagua bushi, boljointi, shoki zinazovuja na springi zilizolala. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne, gari ikiwa tupu na ikiwa na mzigo. Gari ya umri huu mara nyingi imeshuka kwa uchovu. Springi mpya za kimo cha kawaida zinaweza kukurudishia sentimita kadhaa, na pengine ukaona hizo zinatosha.

Fungu la pili ni la vifaa vyenyewe. Kwa gari ya kazi, inchi mbili zinatosha kabisa. Ukizidi hapo, jointi za ekseli za mbele zinapinda kupita kiasi na kuisha haraka, na gari inakuwa rahisi kupinduka kwenye kona. Shoki na hozi za breki lazima zilingane na urefu mpya. Springi nazo chagua kwa uzito unaobeba kila siku. Ukiweka ngumu sana na gari iko tupu, itakurusha kama punda.

Fungu la tatu ndilo wengi husahau: gharama za baada ya kuinua. Kuna alainimenti ya magurudumu, kurekebisha taa zisiwapofushe wenzako, na kurudi kwa fundi akaze bolti tena baada ya siku chache. Mjulishe pia mwenye bima, maana gari imebadilika. Hesabu vilevile siku ambazo gari italala gereji. Siku hizo huingizi kitu, na kodi ya nyumba haingoji.

Na matairi? Hayo ni bajeti nyingine kabisa. Springi zinainua bodi, lakini difu inabaki palepale ilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi kubwa. Lakini ukitoka tairi ya kimo cha inchi 29 hadi 31, mita ikisoma 80 wewe unakwenda zaidi ya 85, na injini ya zamani inasukuma mzigo mzito zaidi.

Nilikuwa nimebaki na Sh85,000. Sh45,000 zilirekebisha yaliyochakaa, na vile vyuma vya nyuma vikatolewa. Sh20,000 zikaenda kwa alainimenti na siku za kukaa bila kazi. Sh20,000 za mwisho nikaziweka, nikangoja zamu nyingine ya chama ndipo ninunue springi na shoki.

Leo gari yangu imepanda inchi moja na nusu tu kuliko ilivyotoka kiwandani. Hakuna beshte anayeipiga picha. Lakini mvua ya juzi ilinikuta Kinangop na magunia 15, na kabla jua halijachomoza viazi vilikuwa Marikiti.