Volkeno Iliyozimika Inayoinywesha Nairobi

Nchini Kenya, mjadala wa Milima ya Aberdare karibu kila mara huwa mjadala wa miti. Msitu ukikatwa, tunaambiwa mito itakauka. Msitu ukipandwa upya, tunaambiwa mito itarudi. Kauli hiyo si ya uongo, ila imeacha nje nusu ya habari. Miti ya Aberdare imeota juu ya kitu, na kitu hicho kina sauti kubwa katika kuamua mvua inyeshe wapi, maji yashuke upande gani, yakae ardhini kwa muda gani na yachomoze wapi tena. Hoja yangu ni kwamba safu hii, ambayo Wagikuyu huiita Nyandarua, ni chanzo kikuu cha maji kwa sababu ilikuwa volkeno, na kwa sababu volkeno hiyo ilizimika zamani za kutosha. Urefu wake, umbo lake, matabaka ya miamba yake na udongo wake vyote ni urithi wa moto ule. Asiyeujua urithi huo anaweza kulinda msitu kwa moyo wote, kisha akashangaa kuona maji yanapungua, au yanashuka yakiwa matope.

Safu hii imelala kutoka kaskazini hadi kusini kwa zaidi ya kilomita 100, kwenye ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa, Naivasha na Ol Kalou zikiwa upande mmoja, Nyeri na Murang'a upande wa pili. Kilele chake kirefu zaidi, Ol Donyo Lesatima, kiko kaskazini na kina mita 4,001. Kinangop, kilicho kusini, kina mita 3,906. Katikati kuna nyanda za nyasi na vinamasi zilizo juu ya mita 3,000. Tofauti na Himalaya, milima hii haikuinuliwa na mabamba ya dunia yaliyogongana. Ilirundikwa. Gamba la dunia lilipokuwa likivutwa na kukonda katika eneo hili, lilipasuka, na mwamba ulioyeyuka ukapanda kupitia nyufa: mara basalti iliyotiririka mbali, mara trakiti nzito iliyoganda karibu na ilikotokea, mara majivu yaliyorushwa hewani. Sehemu kubwa ya ujenzi huo ilikamilika yapata miaka milioni 5 iliyopita. Kisha ardhi ikakatika. Upande wa magharibi ulizama kando ya mpasuko mrefu wa Sattima, na baadaye, takriban miaka milioni 3 na nusu iliyopita, majivu ya moto yalitanda chini ya genge lililoachwa na mpasuko huo na kuunda uwanda wa Kinangop. Uwanda huo nao ukakatika upande wa bondeni, ndiyo maana anayetoka vileleni kuelekea Ziwa Naivasha hushuka magenge mawili makubwa. Matokeo yake ni safu isiyolingana pande zake, mfano wa paa lenye ubavu mmoja mfupi uliosimama na mwingine mrefu ulioinama taratibu. Ubavu mfupi unatazama Bonde la Ufa. Ubavu mrefu unatazama mashariki, kuelekea Bahari ya Hindi.

Je, tuna hakika gani kwamba moto huu umezimika, wala haujalala tu? Kimya peke yake si ushahidi, kwani volkeno huweza kunyamaza maelfu ya miaka kisha ikalipuka. Ushahidi upo katika mambo matatu yanayokubaliana. La kwanza ni umri wa miamba, uliopimwa kwa kuoza kwa elementi za mionzi ndani ya madini: lava zilizoijenga safu hii ni kongwe kuliko zile za Mlima Kenya, ambao nao ni volkeno iliyozimika. La pili ni sura ya nchi. Volkeno changa huonyesha kreta iliyo wazi na lava isiyoota kitu. Hapa mito imekwisha kuchimba makorongo yenye kina cha mamia ya mita, na midomo ya awali imelika kiasi kwamba haionekani tena kwa jicho la kawaida. La tatu, na kwangu ndilo zito zaidi, ni kwamba moto wenyewe umehama. Bonde lilivyozidi kupanuka, njia ya mwamba ulioyeyuka iliondoka ukingoni ikaingia katikati, ambako leo tunaziona Longonot, Menengai na Olkaria, na ambako joto la ardhini linazalisha umeme. Nishati iliyoijenga Aberdare haikupotea. Imehamia kwa jirani. Na kuhama huko ndiko kulikotupa neema, kwa sababu volkeno hai huzika kila mara udongo wake kwa lava mpya. Volkeno iliyozimika huachwa itulie, ikapata muda mrefu wa kuoza na kuwa udongo.

Umbo la safu ndilo linaloigawa mvua. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hufika zikakuta ule ubavu mrefu wa mashariki, zikapanda, zikapoa na kumwaga maji. Miteremko ya kusini-mashariki hupata mvua inayofikia milimita 3,000 kwa mwaka, ilhali ile ya kaskazini-magharibi hupata takriban 1,000. Kwa kuwa ubavu unaopata mvua nyingi ndio ulio mrefu, maji yana nafasi ya kukusanyika. Chania, Thika, Maragua, Mathioya na Gura zote zinashuka upande huo na kuingia Mto Tana, unaopita mabwawa ya umeme ya Masinga hadi Kiambere, kisha unavuka nchi kavu hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 likiwa na uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, limejengwa juu ya Mto Thika na ndilo hazina kuu ya maji ya Nairobi. Upande wa magharibi, Mto Malewa unaliletea Ziwa Naivasha sehemu kubwa ya maji yake. Kaskazini, Ewaso Narok inapeleka maji Ewaso Ng'iro, inayokwenda kuishia katika kinamasi cha Lorian.

Lakini mvua peke yake haitengenezi mto wa mwaka mzima. Mvua ikinyesha juu ya mwamba usiopenyeka hushuka kwa kasi, ikafurika leo na kukauka kesho. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini mito ya Aberdare hutiririka hata katika miezi ya kiangazi. Jibu la kwanza liko ndani ya mwamba. Ukichunguza mahali mlima ulipokatwa kwa ajili ya barabara, utaona si jiwe moja bali matabaka yaliyopandana. Katikati ya kila lava mwamba ni mgumu, wenye nyufa za wima zilizotokea ulipopoa na kusinyaa. Juu na chini yake kuna jiwe lenye matundu mengi yaliyoachwa na mapovu ya gesi. Kati ya lava moja na nyingine huonekana mara nyingi ukanda mwekundu, nao ni udongo wa kale uliookwa na lava iliyoufunika. Maji hushuka kupitia nyufa, hufika kwenye ukanda huo wa udongo, hushindwa kupita upesi, husafiri kwa upande na kuchomoza bondeni kama chemchemi. Mpangilio huohuo wa migumu na milaini ndio unaozaa maporomoko ya ngazi: maji hula tabaka laini upesi, jiwe gumu lililo juu yake likabaki genge. Maporomoko ya Karuru, katika safu hii, huanguka kwa hatua tatu, jumla mita 273.

Ushahidi mwingine kwamba miamba hii husafirisha maji uko nje ya safu. Ziwa Naivasha halina mto hata mmoja unaotoka, na jua na upepo huvukiza maji yake kila siku. Ziwa la namna hiyo lingetarajiwa kuwa la magadi, kama majirani zake Elementaita na Nakuru. Hata hivyo maji ya Naivasha hayana chumvi, na wakulima wa maua hunyweshea mimea yao kwayo. Maelezo yaliyothibitika ni kwamba ziwa linavuja chini kwa chini kupitia miamba ya volkeno, likiondoa chumvi yake polepole. Uchunguzi wa isotopu umeonyesha alama ya maji ya ziwa katika mvuke unaotoka ardhini upande wa kusini. Hivyo mvua iliyonyesha Nyandarua inaweza kusafiri hadi Olkaria bila kuonwa na mtu. Miamba hii, kwa ufupi, ni sehemu ya mtandao wa maji kama ilivyo mito yenyewe.

Jibu la pili liko katika udongo. Sehemu za juu, penye ubaridi na unyevu, majivu ya volkeno yameoza na kuwa udongo mweusi, mwepesi mkononi, ambao wataalamu huuita andosoli. Chembe zake ni ndogo mno na zimejaa nafasi tupu, hata udongo huu huweza kushika maji mengi kwa kulinganisha na uzito wake mkavu na bado ukaonekana kama haujalowa. Ukiufinya ndipo maji hutoka. Chini zaidi, kwenye matuta ya Nyeri, Murang'a na Kiambu, lava imeoza kwa kina cha mita nyingi na kutoa udongo mwekundu wa nitosoli, unaopitisha maji vizuri na kuzistawisha chai na kahawa. Andosoli huipokea mvua na kuiachia taratibu. Nitosoli huipitisha hadi chini ya ardhi. Mito ya kiangazi ni mvua ya miezi iliyopita ikiachiliwa na mfumo huu.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza inasema: milima ya Cherangani si ya volkeno, nayo inahesabiwa miongoni mwa vyanzo vikuu vitano vya maji vya Kenya, basi volkeno haina uzito wowote. Ni kweli kwamba mlima wowote mrefu ulio katika njia ya pepo zenye unyevu utapata mvua, na mimi sidai kwamba volkeno ni sharti. Ninachodai ni kwamba kila chanzo kina namna yake ya kufanya kazi. Cherangani ni ya miamba mikongwe iliyobadilishwa kwa joto na mgandamizo, na hifadhi yake ya maji ina mpangilio mwingine. Sera moja inayohesabu miti tu haiwezi kuitosha milima yote miwili, kama vile dawa moja haiwezi kuagizwa kabla mgonjwa hajapimwa.

Pingamizi ya pili ni ngumu zaidi: ikiwa jiwe na udongo ndivyo vinavyohifadhi maji, je, hoja hii haimpi mkataji miti kisingizio? La, inamnyima. Andosoli ina udhaifu mmoja mkubwa: ikianikwa juani hadi ikauke kabisa, chembe zake hushikana na uwezo wake wa kushika maji haurudi kama mwanzo, hata mvua inyeshe vipi. Msitu, mianzi na nyasi za juu ndivyo vinavyoukinga udongo huo na jua. Nao udongo mwekundu wa matuta, kwa kina chake na mwinuko wake, ukijaa maji pasipo mizizi ya kuushikilia huteleza. Wakazi wa Murang'a wanayajua maporomoko ya ardhi ya misimu ya mvua kubwa. Msitu basi ni ngozi ya mfumo huu, na aliyejeruhiwa ngozi hawi salama. Ila ngozi bila nyama chini yake haina uhai.

Hapo ndipo uhifadhi wetu unapohitaji kupanuka. Ua wa umeme wa karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009, umeukinga msitu na uvamizi na kuwapumzisha wakulima na ndovu, na ni kazi ya kujivunia. Hata hivyo mfumo wa maji hauishii kwenye ua. Vinamasi vya juu vikikatwa na barabara au mtaro hukauka hata kama hakuna mti ulioanguka, kwa hiyo kila mradi wa kupita juu ya safu hii upimwe kwanza kwa athari zake kwa udongo. Nyasi za Kinangop zikilimwa zote, bwawa la Sasumua na Mto Malewa hupokea tope. Mashamba ya matuta yasipokuwa na makinga-maji, Ndakaini hujaa mchanga. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ulioanzishwa mwaka 2015, umeanza kulielewa hilo kwa kuwasaidia wakulima kuchimba matuta na kupanda nyasi za kuzuia mmomonyoko, ili anayetumia maji mjini achangie anayeyatunza mlimani. Njia hiyo ienezwe, na pamoja na idadi ya miche iliyopandwa, serikali za kaunti zitangaze kila mwaka hali ya vinamasi, kina cha udongo na kiasi cha tope mitoni. Miti iliyokatwa tunaweza kuirudisha ndani ya maisha ya mtu mmoja. Udongo wa majivu hauna kitalu. Volkeno iliyoutoa imezimika na haitaleta mwingine, kwa hiyo kiasi kilichopo ndicho tulicho nacho, na kila tani inayoshuka Tana hadi baharini imetoka katika akiba isiyojazwa tena.